Kompyuta 22 za ofisi zinaenda shule ya upili Eastlands: nitakosea wapi?

kodi_na_chai

Wadau, habari zenu. Ofisi moja Westlands, hapa Nairobi, imebadilisha kompyuta baada ya Windows 10 kukatiwa masasisho tarehe 14 Oktoba 2025. Zile za zamani zimekubaliwa ziende shule ya upili ya kutwa upande wa Eastlands. Ni za mezani, jumla 22. Kumi na nne zina Core i5 ya kizazi cha 3, RAM GB 4 na diski ya kuzunguka ya GB 500. Nane ni Core 2 Duo zenye RAM GB 2. Skrini zote ni bapa, inchi 19.

Chumba kilichotengwa kina soketi 4 na stima ya tokeni. Intaneti hakuna. Darasa lina wanafunzi 45, kipindi ni dakika 40. Kidato cha 3 na cha 4 wana somo la kompyuta la KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari wa mtaala wa zamani wa 8-4-4, na kuna Gredi ya 10 ya mtaala mpya pia.

Mimi kazi yangu ni kuandika programu. Seva ninazozitumia zimekaa ng'ambo na hakuna anayeniuliza zinakula stima kiasi gani. Wazo langu: mfumo wa Linux badala ya Windows kwenye kila mashine, ruta moja ya 4G, kila kitu mtandaoni. Nionyesheni pa kurekebisha kabla gari halijakodishwa. Mwenzangu anashikilia kwamba zile nane ni kuhamisha takataka kutoka Westlands hadi Eastlands.


karani_wa_data

Kwa kuwa mashine bado ziko ofisini, kuna kazi mbili za kufanya hapo hapo. Zikishapanda gari umechelewa.

Kwanza diski. Kubonyeza "futa", hata kuweka Windows upya, huondoa orodha ya faili tu. Faili zenyewe hubaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, ofisi ndiyo itakayojibu kama orodha ya mishahara au nakala za vitambulisho vya wateja zitafufuliwa na mwanafunzi mdadisi. Weka ShredOS kwenye flashi, washa mashine kwa flashi hiyo, itakufungulia nwipe, programu ya kufuta diski. Chagua mzunguko mmoja wa sifuri na uhakiki mwishoni. Diski ya GB 500 ikiandika wastani wa MB 100 kwa sekunde, hiyo ni kama dakika 85, na kuhakiki ni karibu muda uo huo tena. Ukiwa na flashi tano utamaliza zote 22 kwa siku mbili za kazi. Mizunguko 7 au 35 unayosoma huko nje ni ushirikina uliobaki kutoka kwa diski za enzi nyingine; mmoja unatosha.

Pili BIOS, programu inayoiwasha mashine. Ondoa nywila ya msimamizi kwenye kila mashine, na usikubali kuambiwa "tutakutumia baadaye". Dell nyingi za mezani zina pini mbili kwenye mazabodi (ubao mkuu wa ndani) zilizoandikwa PSWD. Ukitoa kifuniko chake kidogo na kuwasha, nywila inafutika. Mashine nyingine si rahisi hivyo. Na kama kompyuta ziliandikishwa kwenye mfumo wa usimamizi wa kampuni, ziondolewe huko. La sivyo, siku shule itakapoweka Windows na kushika intaneti, itaulizwa akaunti ya kazi ya mtu aliyeondoka ofisini 2021.

Halafu barua ya msaada, yenye namba ya kila mashine na ukubwa wa RAM na diski yake. Bodi ya shule inaihitaji ili iziandike kwenye daftari la mali. Ukubwa wa RAM usiuache: ndicho kitu kinachotoka mfukoni bila kelele, na mashine yenyewe ikabaki mezani kana kwamba haijaguswa.


fundi_luthuli

Mwenzako ana nusu ya ukweli. Zile nane zifanyeni nne.

Core 2 Duo ni ya biti 64, kwa hiyo usidanganywe kwamba haikubali mifumo ya leo. Kinachoiua ni GB 2. Ukifungua Firefox na LibreOffice kwa pamoja, mashine inaanza kutumia diski kama RAM, na diski ya kuzunguka haiwezi mbio hizo. Toa RAM kwenye nne, ziongeze kwenye nne nyingine, upate nne za GB 4. Angalia kwanza ni RAM ya aina ya DDR2 au DDR3, mfereji wa katikati haulingani, na ukilazimisha utavunja soketi. Usijaribu kuihamishia DDR2 kwenye zile i5. Miili minne inayobaki ndiyo stoo yako: pawa saplai, feni, waya za diski (SATA). Sasa una mashine 18 na vipuri vyake. Ukipeleka 22 bila kipuri, kufikia muhula wa pili 5 zitakuwa zimelala na hakuna wa kuzifufua.

Kila mashine ifunguliwe. Vumbi lipulizwe nje ya chumba, feni ikiwa imeshikwa kwa kidole isizunguke, maana feni ikizungushwa na upepo huzalisha umeme wake na beringi inaumia. Tazama kapasita kwenye mazabodi: iliyovimba kichwani au yenye ukoko wa kahawia, weka mashine hiyo kando. Toa kipozeo cha prosesa, futa pesti ya zamani ya kupitisha joto iliyokauka kama chokaa, weka mpya ukubwa wa punje moja ya njegere. Miguu ya RAM isugue polepole kwa kifutio cha penseli kisha futa unga wake. Usicheke, nusu ya mashine "zilizokufa" zinazolia biiip biiip huamka hapo.

Diski unazotaka kubaki nazo zipime kwa amri ya Linux, smartctl -a. Huna haja ya kusoma yote. Mstari wa 5 ni sehemu zilizohamishwa, 197 ni zinazosubiri kuhamishwa, 198 ni zilizoshindikana kabisa. Kama 197 au 198 si sifuri, diski hiyo usimpe mwanafunzi. Mstari wa 199 ukipanda, kosa mara nyingi si la diski. Badilisha waya wa SATA.

Sasa pesa. Kama bajeti inatosha kitu kimoja, nunua SSD, diski ya chipu, kabla ya kuongeza RAM kwenye i5. Kipindi ni dakika 40. Kwa diski ya kuzunguka, kuwasha, kuingia na kufungua programu ya kwanza kunaweza kula dakika 3 au 4, na kukifanyika asubuhi na kila baada ya stima kurudi, mwalimu anafundisha dakika 30. SSD ya GB 120 inatosha. Mfumo na programu zake zote hazifiki GB 30. Haihitaji fremu maalumu, skrubu mbili au hata mkanda wa gundi pande mbili unaishikilia, haina kitu kinachozunguka ndani.

Ukinunua kwenye maduka ya barabara ya Luthuli au popote mjini, jaribu kabla ya kulipa au ukubaliane muda wa kurudisha. Kuna SSD zinazosema GB 480 na ndani mna kadi ndogo ya simu. Programu ya f3 huandika diski yote na kusoma tena. Diski ya uongo hujianika yenyewe ikifika mwisho wa nafasi yake halisi.


waya_tatu

Mnazungumzia RAM na chumba kina soketi 4. Hapa ndipo maabara za shule hufia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Wengi wanadhani shida ni ampea. Piga hesabu: mashine 18, kila moja na skrini yake, weka wati 100 kama dari. Ni wati 1,800, ukigawanya kwa volti 240 ni ampea 7.5. Plagi ya fyuzi ya 13 inabeba. Shida ziko mahali pengine.

Ya kwanza ni ekstensheni iliyochomekwa kwenye ekstensheni nyingine. Mzigo wote unapita kwenye vibati vya soketi ya kwanza, ambavyo vikilegea hupata joto, vikipata joto hulegea zaidi. Plagi inayobadilika rangi kuwa ya kahawia inakuambia hadithi hiyo.

Ya pili ni waya wa ardhini, ule wa kijani na manjano. Ndani ya pawa saplai ya kompyuta mna kapasita mbili ndogo zinazochuja kelele, moja kutoka laini na moja kutoka nyutro, zote zinaishia kwenye ganda la chuma. Waya wa ardhini ukiwepo, mkondo huo mdogo unateremka na hakuna anayeuhisi. Usipokuwepo, ganda linakaa karibu nusu ya volti za ukutani, kama 120. Mashine moja huvuja chini ya miliampea 1 hivi, utahisi mwasho tu. Lakini ekstensheni huunganisha maganda yote pamoja. Kama waya wa ardhini umekatikia ukutani, uvujaji wa mashine 18 na skrini zake unajumlishwa, na wa kwanza kugusa ndiye njia ya kuteremkia. Miliampea 10 na kitu zinatosha kukaza misuli ya mkono ukashindwa kuachia.

Na hapo niguse lile jambo la viatu. Kila aliyesoma 8-4-4 kwenye shule yenye maabara ya kompyuta anakumbuka kuvua viatu mlangoni. Nia ilikuwa vumbi. Lakini mwanafunzi mwenye soksi, au pekupeku, juu ya saruji iliyopigwa deki asubuhi, mkono kwenye ganda lisilo na ardhi, ameondolewa kinga ya pekee aliyokuwa nayo. Pigeni deki vizuri, wekeni zulia la mlangoni, watoto wabaki na viatu.

Ya tatu itawashangaza mkishaweka kila kitu sawa. Breka ya kuvuja, RCD ya miliampea 30, ukiipa mashine zote 18, itaruka bila kosa lolote, hasa mkiwasha zote kwa pamoja. Fundi asiye mwangalifu ataitoa na kuweka breka ya kawaida, na kinga imeondoka. Dawa ni kugawa: saketi 3, kila moja mashine 6, kila moja na RCD yake. Kanuni ya kazi ni uvujaji wa kawaida usizidi asilimia 30 ya kiwango cha RCD, yaani miliampea 9. Mashine 6 na skrini zake zinaingia humo.

Kwa hiyo: bodi ndogo ya breka ndani ya chumba, waya wa mm² 2.5, soketi mbilimbili kando ya kuta, si katikati ya sakafu. Kazi ifanywe na fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, naye apime ardhi kwa kifaa, si kwa kutazama kama waya wa kijani umefungwa. Waya unaweza kufungwa vizuri sana pande zote mbili na nguzo yake huko nje imeng'olewa na wauza chuma.

Bili: kwa matumizi ya kawaida mashine hizi na skrini hula kama wati 65, si 100. Kumi na nane ni wati 1,170. Saa 5 kwa siku, siku 20, ni uniti 117 kwa mwezi. Chukua bei ya uniti kwenye stakabadhi ya mwisho ya tokeni, zidisha, mpelekee mwalimu mkuu hesabu hiyo kabla ya kumpelekea kompyuta.

Kwa wanaopokea kontena kutoka Marekani (si wewe): geuza sanduku utazame nyuma. Kama kuna swichi nyekundu iliyoandikwa 115, isogeze 230 kabla ya kuchomeka. Ukisahau utasikia mlio mmoja.


mwalimu_wa_zamu

Wenzangu wa Linux msinirushie mawe. Shule ina Kidato cha 3 na cha 4, nao watafanya karatasi ya 451/2, ile ya vitendo. Swali halisemi "tumia Microsoft", lakini hifadhidata hufundishwa na wengi kwa Access, na uchapishaji kwa Publisher. LibreOffice Writer na Calc hazina taabu, mtoto anahama kwa siku mbili. Base, ile ya hifadhidata, ndiyo tatizo: fomu, hoji na ripoti zake ziko kwa mpangilio mwingine, na mwalimu ambaye amefundisha Access miaka 10 hawezi kubadilisha muhula mmoja kabla ya mtihani. Mradi wa 451/3 nao mara nyingi huandikwa kwa Visual Basic. KCSE ya mwisho ya 8-4-4 ni 2027. Hadi hapo, i5 kumi kati ya zile kumi na nne ziwe na mifumo miwili, Windows na Linux. Baada ya 2027 mfute Windows mkipenda.

Mkifanya hivyo, kuna mitego minne na yote inajulikana.

Windows 10 iwekwe na ithibitishwe mkiwa bado ofisini kwenye intaneti. Leseni iliyokuja na mashine hukaa na mazabodi, kwa hiyo ikishathibitishwa mara moja haidai ufunguo tena. Leseni ya jumla ya kampuni haiendi na mashine, msiitegemee. Access pia haimo katika kila toleo la Office, hakikisheni mlichonacho.

Zimeni ile hali ya kuwaka haraka, powercfg /h off. Ikibaki, Windows haizimiki kikamilifu, na Linux ikijaribu kugusa sehemu yake ya diski itakubaliwa kusoma tu.

Saa. Windows huandika saa ya Nairobi kwenye mazabodi, Linux huandika saa ya Greenwich, kwa hiyo kila mkihama saa itapishana kwa saa 3 kamili. Kwenye Linux andika timedatectl set-local-rtc 1, imekwisha. Usidharau hili. Tarehe na saa ya faili ni sehemu ya ushahidi wa kazi ya mtahiniwa.

Mwisho ni flashi. Mashine za Windows zisizo na intaneti na zisizo na masasisho ziko salama kiasi mpaka flashi ya mwanafunzi iingie. Virusi vinavyoficha folda na kuweka njia ya mkato mahali pake bado vinazunguka saiba za mtaani. Zoezeni hivi: flashi ifunguliwe kwanza upande wa Linux, faili zinazohitajika zinakiliwe kwenye seva, ndipo Windows izichukue huko.

Wanafunzi 45 kwa mashine 18 ni tisa za watu 2 na tisa za watu 3. Watatu ni wengi; wa tatu hujifunza kutazama. Gawa darasa, nusu kwenye mashine na nusu kwenye daftari wakichora chati mtiririko, mbadilishane kipindi kijacho.


kodi_na_chai

Asanteni sana, mwalimu na mafundi. Swali la nyongeza: kuna LTSP, ambapo mashine huwaka kwa mtandao kutoka seva moja na hazihitaji diski. Ningekuwa na mfumo mmoja wa kutunza badala ya 18. Kwa mtu wa programu hilo linavutia kuliko kuzunguka na flashi.


pengwini_wa_ngong

Linavutia kwa sababu ofisini kwenu seva haizimwi na tokeni. LTSP ya leo huipa kila mashine mfumo kwa mtandao, lakini kazi inafanywa na RAM na prosesa ya mashine yenyewe. Kwa hiyo GB 2 bado itasumbua, hujaikwepa. Pili, swichi. Ukiwa na swichi ya megabiti 100, seva inatoa si zaidi ya MB 12.5 kwa sekunde. Gawa kwa mashine 18 zinazowaka kengele ikilia, kila moja inapata MB 0.7. Zitafika, lakini kipindi nacho kitafika. Na seva ikianguka, darasa lote limeanguka. Ningeitumia mahali penye stima ya kuaminika, swichi ya gigabiti na mtu wa kompyuta anayeishi karibu. Hapo kwenu, la.

Fanya hivi: tengeneza mashine moja kamili, kisha uinakili kwa programu ya Clonezilla. Linux Mint 22, toleo jepesi la XFCE, inategemea Ubuntu 24.04 na itapata masasisho hadi 2029. Weka LibreOffice, Scratch, Python na Thonny, programu ya kujifunza kuchapa kama Klavaro, na zram ili RAM ijibane kabla ya kukimbilia diski. Tengeneza nakala kuu kwenye diski iliyo ndogo kuliko zote. Clonezilla hukataa kumimina nakala ya diski kubwa kwenye ndogo hata kama imejaa robo tu, na SSD zinazoitwa "120" na "128" si ndugu.

Kabla ya kuchukua nakala, sudo truncate -s 0 /etc/machine-id, na ufute funguo za SSH zilizo /etc/ssh/ssh_host_*. Usipofanya hivyo una mapacha 18 wenye kitambulisho kimoja, na siku mtandao utaanza kuchanganyikiwa hutajua uanzie wapi. Baada ya kumimina, kila moja ipewe jina lake, maabara-01 hadi maabara-18, na namba hiyo iandikwe kwa rangi kwenye sanduku. Mifumo miwili inahitaji nakala yake ya pili, usichanganye flashi.

Akaunti ni mbili. Ya mwanafunzi haina ruhusa ya msimamizi. Usitumie akaunti ya mgeni kwa Kidato cha 3 na cha 4, maana kila wakitoka faili zao zinafutwa. Inafaa tu mahali ambapo hamna kazi ya kuhifadhi.

Kuhusu ruta ya 4G: hata ukipata megabiti 10, kwa mashine 18 ni kama 0.55 kila moja. Masasisho ya MB 500 mara 18 ni GB 9 za bando kwa siku moja. Chukua i5 moja, iweke SSD, iongezee RAM kwa pesa iliyobaki, iwe seva, na iwe peke yake yenye UPS, betri ya akiba. Ndani yake weka Kolibri kwa masomo, mlango wa 8080, Kiwix kwa Wikipedia ya kusomwa bila intaneti, na apt-cacher-ng kwenye mlango wa 3142 ili sasisho lishushwe mara moja na zile nyingine zilichukue hapo. Weka na chrony, seva ya saa, kwa sababu betri za mazabodi zitakufa. Yote hayo yashushe ofisini Westlands kwenye faiba kabla hujaondoka. Shuleni unapeleka simu yako kama intaneti mara moja kwa muhula.

Mtandao ni swichi ya gigabiti ya milango 24 na boksi moja la waya wa Cat5e, mita 305. Mashine 18 kwa wastani wa mita 8 ni mita 144, utabaki na wa kutosha. Kwangua waya kwa kisu kabla ya kununua: ukiona fedha chini ya rangi ya shaba, ni alumini iliyopakwa, inakatika kwenye kichwa cha RJ45 baada ya kuchezewa kidogo. Mpangilio pande zote mbili: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia.

Na programu ya Epoptes kwa mwalimu. Anaona skrini zote kwenye moja, na kipindi kikiisha anazima zote kwa kubofya mara moja. Hilo la kuzima ndilo linaloniuzia programu hiyo, kwa sababu mwanafunzi mwenye haraka ya chakula cha mchana huzima ukutani.


waya_tatu

Naunga mkono pengwini: LTSP hapana. UPS ya VA 650 itabeba seva na swichi dakika kadhaa, zinatosha kuzima vizuri. Msichomeke printa ya leza hapo, ikipasha joto itaiangusha.


kodi_na_chai

Basi mpango umebadilika: mashine 18, moja kati yake seva, kwa hiyo wanafunzi wana 17. Fundi wa stima anaingia kabla ya gari. i5 kumi zenye mifumo miwili, hakuna 4G. Limebaki moja: nywila ya msimamizi. Nikiishika mimi, nikihama kazi imekwisha. Akiishika mwalimu mmoja, akihamishwa imekwisha.


mwalimu_wa_zamu

Iandike kwenye karatasi, bahasha ifungwe, ikae kwenye sefu ya mwalimu mkuu pamoja na flashi mbili za nakala kuu. Mwalimu wa somo awe nayo, na fundi wa maabara kama yupo. Wanafunzi wa klabu ya kompyuta wafundishwe kumimina nakala upya kwa Clonezilla. Hawahitaji nywila kwa hilo, na kwa SSD ni kazi ya dakika 10 hadi 15. Mashine ikivurugwa, hawaitengenezi, wanaimwagia nakala na kuendelea.


fundi_luthuli

Nimeona pengwini ametaja betri za mazabodi kwa kupita tu. Mashine za i5 kizazi cha 3 zilianza kuuzwa 2012, kwa hiyo betri nyingi humo zinakaribia umri wa mtahiniwa. Ikifa, kompyuta inarudi miaka nyuma kila stima ikikatika, inakudai F1 kabla ya kuwaka, tovuti zote zinakataa kwa madai kwamba vyeti vyake si halali, na apt, kishusha programu cha Linux, inalalamika kwamba orodha ya vifurushi inatoka siku ambayo haijafika. Mtu atasema ni virusi, mwingine atasema ni Linux. Ni CR2032, volti 3. Pima kwa mita. Chini ya 2.8 toa. Nunua 18 zote kwa mpigo, si 5, na ubadilishe siku ile ile sanduku limefunguliwa kwa ajili ya vumbi.